Gome Jekundu, Kikombe Cheusi

Ko. Ko. Ko-ko.

Mchi ulikuwa ukitwanga nyuma ya nyumba. Inspekta alisimama nje ya geti la mabati akausikiliza: pigo zito, pigo jepesi, kisha mawili ya haraka. Koplo alikwisha kushika komeo. Inspekta akamzuia mkono.

"Nani anatwanga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bibi Magome, afande. Si ndiye mwenye kinu?" Koplo alijisikia mwenyewe, akajisahihisha. "Hapana. Bibi Magome yuko kwetu."

Alikuwa kwao kweli, mahabusu, muuza magome ya miti aliyetuhumiwa kumnywesha sumu mjukuu wake. Mtoto alikunywa dawa ya bibi, akatapika matapishi meusi ti, akakimbizwa hospitali. Kikombe kilipofunguliwa, ndani mlikuwa na maji meusi kama wino. Majirani waliimaliza kesi kabla polisi hawajaianza. Mwendesha mashtaka alitaka jalada alasiri hiyo, na likifika mezani kwake, mwanamke yule angepelekwa gereza kuu kusubiri shitaka la kujaribu kuua. Tangu akamatwe alikuwa na sentensi moja tu, na kila aliyemhoji alipewa hiyohiyo: "Dawa yangu ni nyekundu."

Hakuna mwingine aliyeichukua kwa uzito. Inspekta ndiye aliyeichukua. Kituoni walimwita Bi Taratibu, na si kwa kumsifu. Alikuwa na ugonjwa wa kufungua tena milango ambayo wenzake walikwisha kuifunga na kuegemea.

"Fungua sasa," alisema.

Walipita ubavuni mwa nyumba, kwenye njia nyembamba iliyotenganisha chumba cha kulala na karakana ya kuchomelea vyuma. Karakana ilikuwa imefungwa. Uani, vipande vya gome vilianikwa juu ya kichanja, na chini ya kichanja mwanamume mwenye mabega mapana alikuwa amekishika kinu kwa magoti. Miwani yake ya kuchomelea ilikuwa bado juu ya paji la uso, kana kwamba aliisahau huko tangu siku ya tukio. Huyu ndiye Fundi, mtoto pekee wa Bibi Magome, na baba wa mtoto aliyelazwa.

"Weka mchi chini," Koplo alisema. "Unaharibu ushahidi."

"Ushahidi mlishaubeba na sufuria yake," Fundi alijibu bila kuinua uso. "Haya ni magome mengine. Mkorosho uleule, kichanja kilekile."

"Unatwanga ya nini?"

"Ya kunywa."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alivuta kigoda, akaketi.

"Kunywa wewe?" aliuliza.

"Mimi, afande. Nimekulia kwenye gome hili. Nikiharisha, gome. Nikijikata, naoshwa kwa gome. Leo mtaa mzima unasema mama yangu anauza sumu, hata wale aliowatibia watoto wao. Basi nitakunywa hapahapa mbele ya serikali, na nikifa mwandike."

"Ukifa nitaandika mimi, na mkono huu unaniuma tangu juzi," Inspekta alisema. "Chemsha kwanza. Lakini chemsha kama mama yako alivyochemsha siku ile, usiongeze wala usipunguze. Mimi natazama."

Akatazama. Maji yalitoka bombani, yakaingia kwenye sufuria ya alumini iliyokuwa pacha wa ile iliyochukuliwa na polisi. Unga wa gome ulitiwa kwa kiganja. Moto wa mkaa ulipulizwa kwa kipande cha boksi. Inspekta aliuliza maswali wakati moto ukishika, moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

"Mama yako na mkeo wanapatana?"

"Wanapatana kama wanawake wawili na jiko moja."

"Maana yake?"

"Maana yake wanasalimiana vizuri sana." Fundi alikoroga. "Hakuna ugomvi, afande. Kuna adabu. Adabu ikizidi nayo inachosha."

Koplo alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mtoto alikuwa na hali gani kabla ya siku ile?"

"Mnyonge. Kliniki walisema damu yake ndogo. Akaanza kupata nafuu, halafu likaja la kuharisha. Ndipo mama akachemsha gome, akalichuja, akampa mke wangu ampe mtoto. Mimi nilikuwa karakana. Nilichosikia ni ukelele."

"Ulikiona kikombe?"

"Nilikiona. Kile cha mtoto, cha plastiki, chenye mfuniko na mdomo wa kunyonyea. Mke wangu ndiye aliyekifungua. Kilikuwa na wino ndani."

Sufuria ilianza kutokota. Fundi aliiepua, akachuja kwa kitambaa, akamimina kwenye bakuli jeupe la udongo. Kisha, kabla Koplo hajafika kumshika kiwiko, akainua bakuli akanywa mafunda matatu makubwa.

"Sijakuruhusu," Inspekta alisema.

"Samahani, afande."

"Afande, nimwite daktari?" Koplo alikuwa amekwisha kutoa simu.

"Mwite akianguka."

Fundi hakuanguka. Alikunja uso, akalamba midomo, akalamba tena. "Inakausha kinywa," alisema. "Utadhani nimelamba saruji."

Inspekta hakuwa akimtazama tena. Alikuwa amelivuta bakuli kwenye jua na kuinamia mabaki. Yalikuwa na rangi ya tofali lililoiva. Akalitikisa, akangoja, akalitikisa tena.

"Fundi. Hii ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na kikombe cha mtoto?"

Miwani ilimteleza Fundi kutoka pajini ikamwangukia puani, na hakuisogeza.

"Mama amekuwa akiwaambia hivyo tangu mwanzo," alisema hatimaye.

"Ndiyo," Inspekta alisema. "Koplo, chupa safi. Tunachukua na hii."

*

Maabara ya mimea ilikuwa juu kabisa kwenye jengo lisilo na lifti. Ilinuka spiriti na majani yaliyokaushwa. Mkemia aliwapokea akiwa na koti jeupe lenye madoa ya rangi ya chai mifukoni. Alikuwa mtu wa makamo, kipara chake kinang'aa kuliko vyombo vyake, naye aliwakaribisha kwa furaha ya mtu asiyetembelewa mara kwa mara.

"Nilikuwa karibu kukupigia," alimwambia Inspekta. "Vielelezo vyako vimenifanya nisahau chai mpaka ikaota ngozi. Njoo uwaone wapangaji wangu."

"Wapangaji?" Koplo aliuliza.

"Bakteria. Nawapa nyumba, nawapa chakula, halafu nawaletea maji ya mti nione kama watahama."

Alifungua kabati la joto, akatoa sahani bapa ya kioo, akaiweka juu ya meza yenye taa chini yake. Ndani ya sahani kulikuwa na jeli iliyogandishwa, na juu ya jeli utando mweupe ulioenea kama pumzi juu ya kioo. Katikati ya utando zilipachikwa karatasi tatu za duara, ndogo kuliko vifungo vya shati.

"Karatasi hii nimeilowesha kwa dawa iliyobaki kwenye sufuria mliyoleta. Hii, kwa maji ya kikombe cha mtoto. Na hii ya tatu ni maji matupu. Huyo ndiye shahidi wangu mwaminifu, maana hafanyi lolote. Oneni tofauti."

Inspekta aliinama. Kuizunguka karatasi ya sufuria, utando ulikuwa umekoma. Palikuwa na duara safi, jeli tupu, kama uwanja uliofagiliwa. Kuizunguka karatasi ya maji matupu, utando ulifika mpaka ukingoni. Kuizunguka ile ya kikombe, utando ulifika karibu vilevile, ukiacha upenyo mwembamba kama uzi.

"Ya sufuria imeua," alisema. "Ya kikombe haikuua."

"Sema imewazuia kuota, ndiyo lugha yetu. Lakini umeona."

"Dawa ni moja. Ilitoka sufuriani ikaingia kikombeni."

"Na njiani ikapoteza meno."

Koplo alikuna kidevu. "Daktari, mimi ningedhani kinyume. Kikombe ndicho kinachosemwa kina sumu. Sumu si ingeua zaidi?"

"Hapo ndipo chai yangu ilipopoa," Mkemia alisema, akimwonyesha kwa kidole kama mwalimu aliyejibiwa vizuri. "Nikaacha kuuliza nini kilichotiwa kuua, nikauliza nini kilichotiwa kikaifunga dawa mikono. Gome la mkorosho limejaa tanini. Ndizo hizo zinazokukausha ulimi. Tanini kazi yake ni kushika. Zinashika protini, zinawashika bakteria wenyewe, na zinakishika chuma kidogo ambacho bakteria wanakihitaji ili waishi. Sasa wewe zipe tanini chuma tele kabla hazijafika kwenye sahani. Zitashika hicho. Zikifika kwa bakteria, mikono imejaa."

"Na rangi?" Inspekta aliuliza.

"Tanini zikikutana na chuma, unapata wino. Sitanii, watu wameandika kwa wino wa namna hiyo karne na karne. Ndiyo maana hata hapa, mtu akitaka kujua kama mti una tanini, hudondosha chumvi ya chuma kwenye maji yake. Yakigeuka meusi, tanini zipo." Alichukua kichupa chenye maji meusi kilichobandikwa namba ya kesi. "Kikombe chako, afande, kilikuja hapa kimeshafanyiwa kipimo hicho nyumbani."

Feni ya kabati ilikuwa ikivuma.

"Sumu je?"

"Nimetafuta ya panya, ya wadudu, na ya magugu. Sijaiona hata moja. Kikombe kina gome, kina chuma, na kina sukari. Sufuria haina sukari wala chuma cha kutajwa."

Koplo alikuwa amekwisha kugeukia mlango. "Basi tumempata. Chuma, afande. Nyumba ile ina nani? Mchomelea vyuma. Kichanja cha magome kiko hatua chache na grinda lake la kusagia vyuma. Halafu tumemkuta anatwanga. Nani anatwanga dawa huku mama yake yuko ndani? Alikuwa anatuchezea mchezo."

Inspekta hakusogea. "Daktari, vumbi la grinda lingefanya hivi?"

"Vumbi la grinda ni chuma kigumu. Lingekaa chini ya kikombe kama mchanga, likaanza kubadilisha rangi polepole. Nimechunguza, hakuna hata chembe. Sumaku haikuokota kitu. Chuma hiki kilifika kikiwa kimeyeyuka."

"Na asubuhi magome ya kichanja hichohicho yamechemka mbele yetu yakabaki mekundu," Inspekta alimalizia. Alitoa chupa mfukoni, akaiweka juu ya taa. Maji yaling'aa kama rubi. "Rudi, Koplo. Grinda halina hatia."

Koplo alirudi. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa nyama kinywani.

"Chuma kilichoyeyuka, tena kitamu," Inspekta alisema. "Uliwahi kunywa chuma kitamu, Koplo?"

"Mimi nakunywa soda, afande."

"Mkeo alipokuwa mjamzito?"

"Alipewa vidonge vya kuongeza damu. Vilimchafua tumbo mpaka…" Koplo alimtazama Inspekta. Kisha akasema, taratibu kuliko kawaida yake, "Kliniki walisema damu ya mtoto ndogo."

"Walisema. Na mtoto mdogo hapewi vidonge."

Mkemia alipiga kofi dogo juu ya meza. Karatasi zikaruka.

Walipokuwa wakiaga, Koplo aliinamia sahani mara ya mwisho. Duara safi lilimvutia. "Kumbe mama huyu ana dawa kweli. Watoto wote wanaoharisha wangepewa hii."

"Usinisingizie," Mkemia alisema. "Nimeonyesha kwamba gome linawazuia bakteria kwenye sahani. Sahani si tumbo. Mtoto si jeli. Kati ya duara hili na kijiko cha mgonjwa kuna miaka ya kazi, na mtu akiiruka, siku moja mtaniletea kikombe ambacho si wino."

*

Wadi ya watoto ilikuwa na madirisha makubwa na kelele nyingi, na kelele zilikuwa habari njema. Mjukuu wa Bibi Magome alikuwa ameketi kitandani, anaipiga kwa ngumi glavu ya hospitali iliyopulizwa kama puto. Muuguzi wa zamu, mama mnene mwenye saa ya kubandika kifuani, aliwaambia kabla hawajauliza kwamba homa haipo, kuharisha kumekoma, na matapishi yamepimwa hayana damu hata tone.

"Anaruhusiwa leo," alisema. "Anatuchosha."

Mama wa mtoto alisimama alipowaona. Alikuwa mwembamba, kanga yake imefungwa kwa nguvu kana kwamba ndiyo iliyomshikilia wima.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa."

Inspekta alimchekesha mtoto. Aliiba glavu, akaificha mgongoni, akairudisha. Mtoto alicheka kinywa wazi, na Inspekta akayatazama meno yake ya mbele. Yalikuwa na mstari wa kijivu karibu na ufizi, kama penseli iliyopita.

"Meno haya yana nini?" aliuliza kana kwamba anauliza habari za mvua.

"Ni dawa tu, afande. Kliniki walisema itayachafua kidogo, itatoka."

"Dawa gani?"

Mama alishika kingo za kanga. Koplo aliangalia dirishani. Alikuwa amefundishwa kwamba kuna wakati macho mawili yanatosha.

"Ya maji. Ya kuongeza damu."

"Unayo hapa?"

Mkono uliingia kwenye mkoba, ukatoka na chupa ya kahawia iliyofungwa ndani ya soksi ya mtoto. Inspekta alivua soksi kwa uangalifu, akasoma maandishi. Chuma. Sharubati, ladha ya machungwa.

"Kwa nini imevaa soksi?"

"Isionekane."

"Na nani?"

"Na mama." Mama kwake alikuwa mama wa mume. "Aliponiona nayo mara ya kwanza aliniambia nichague. Akasema mtoto hatibiwi na waganga wawili. Kama ni ya hospitali, basi ya hospitali, yeye asiitwe tena. Kama ni ya kwake, basi ya kwake. Nikasema ya kwako, mama. Lakini muuguzi wa kliniki naye alikuwa amenitisha, kwamba damu ikishuka zaidi mtoto ataongezewa kwa sindano. Afande, mimi ningechagua nini?"

"Ukachagua zote."

"Nikachagua zote."

"Sasa niambie siku ile. Kuanzia mama alipokupa dawa ya gome."

Alieleza akitazama sakafu. Muuguzi wa kliniki alimshauri kwamba sharubati ile isikae kwenye meno, iingizwe ndani ya kinywaji. Kila siku aliitia kwenye maji ya matunda. Siku ile mama mkwe alimpa gome lililochujwa, akasimama mlangoni kuona likiingia kikombeni. Akaondoka. Kinywaji kilikuwa tayari, dawa ya kliniki ilikuwa haijanywewa, na mtoto alikuwa akikataa kila kitu tangu asubuhi. Akamimina kijiko kimoja cha sharubati, akafunga mfuniko, akatikisa.

"Kikombe si cha kuona ndani," alisema. "Nilimpa. Alinyonya, akakunja uso, akanyonya tena, akatapika. Nilipoona rangi ile nilijua mama amemwua. Sikuwaza kingine. Ya hospitali amekunywa muda wote hajatapika. Kilichokuwa kigeni siku ile ni gome."

"Tulipokuhoji, hukusema."

"Uliniuliza kama kuna mtu mwingine aliyegusa kikombe. Hakuna. Ni mimi. Uliniuliza kama mtu alitia kitu kibaya. Dawa ya hospitali si kitu kibaya, afande. Haikunijia hata kidogo."

Swali lilikuwa la Inspekta mwenyewe, na jibu lilikuwa la kweli. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Dada, nipatie glasi safi na kijiko."

Aliiweka glasi juu ya kabati la kitandani, mahali pa mwanga. Akamimina humo dawa ya gome aliyoitoa asubuhi mikononi mwa Fundi. Maji mekundu, safi, mtu angeona kidole upande wa pili. Mama za wagonjwa wa vitanda vya jirani walianza kusogea. Inspekta alifungua chupa ya kahawia, akajaza kijiko, akamimina.

Tone la kwanza lilishuka likiacha mkia wa zambarau. La pili likaugeuza mkia kuwa wingu. Inspekta alikoroga mara moja, na wekundu ukatoweka, ukamezwa kutoka chini kwenda juu, mpaka glasi ikasimama pale mezani nyeusi tititi kama kisima usichokiona chini.

Mtoto aliacha glavu akaitazama. Mama yake alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo sumu…" alianza. "Nani aliyetia sumu?"

"Hakuna sumu," Inspekta alisema. "Imetafutwa, haipo. Dawa ya mama yako ni nyekundu, kama alivyosema. Ya kliniki ni sawa, kama walivyosema. Zimekutana kikombeni zikafanya wino."

"Na kutapika?"

"Tumbo lilikuwa limevurugika tayari," muuguzi alidakia. "Umelitia uchungu, umelitia chuma, limekasirika. Ungeniuliza ningekwambia: dawa hii haikai pamoja hata na chai ya rangi, chuma chote kinashikwa humohumo, damu haipati kitu. Na hilo la kuharisha lilikuwa la kuletwa hapa, si la kusubiriwa nyumbani."

Mama wa mtoto alikaa ukingoni mwa kitanda. Mabega yaliyokuwa yamepanda tangu siku ya tukio yalishuka, moja baada ya jingine, na sauti iliyomtoka haikujulikana kama ni kilio au kicheko. Mtoto aliamua ni kicheko, akamsaidia.

"Njia mbili zilimshinda fisi," Koplo alisema walipokuwa wakiteremka ngazi.

"Fisi hakuwa na mama mkwe," Inspekta alimjibu.

*

Mwendesha mashtaka alilalamika kwenye simu. Alitaka jalada alasiri.

"Utalipata," Inspekta alimwambia. "Litakuwa jembamba. Ripoti ya mkemia, maelezo mapya ya mama, na ombi langu la kumwachia mtuhumiwa. Glasi ya wino nikuletee au utaamini?"

Aliamini. Alikuwa na kesi nyingine.

Bibi Magome alitolewa mahabusu bila haraka. Alikuwa mwanamke mrefu, vidole vyake vimebadilika rangi kwa magome ya miaka mingi, kahawia mpaka kwenye viungo. Alitia sahihi alipoonyeshwa. Alirudishiwa viatu vyake, mkanda, na mfuko mtupu. Inspekta alimweleza kila kitu akiwa amesimama mbele yake: sahani, duara, chuma, chupa yenye soksi. Hakuficha mahali mkwe alipokosea, wala hakuficha kwamba mkwe alikuwa ameambiwa kwanza achague.

Bibi Magome alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyekundu," alisema tu.

"Nyekundu, mama. Samahani kwa siku ulizolala hapa."

"Mtoto?"

"Yuko nje. Ameruhusiwa."

Pale nje, kwenye benchi la wageni, Fundi alikuwa amempakata mtoto. Mkewe alisimama kando, mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama benchi lile bado ni lake. Mlango ulipofunguka, mtoto alinyoosha mikono. Bibi alimpokea, akamgeuza huku na huku, akamtazama macho, ulimi, viganja. Alimnusa utosi. Ndipo akamtazama mkwe.

Koplo alijikuta amesimama wima kama kwenye gwaride.

"Mama," mke wa Fundi alianza, "mimi ndiye—"

"Ulimimina kiasi gani?"

"Kijiko kimoja."

"Cha kliniki, kama walivyokuonyesha?"

"Hichohicho, mama."

"Basi hukukosea kipimo." Bibi Magome alimhamishia mtoto bega la pili. Sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kunyamaza, na alilazimika kuikohoa ili itoke. "Kule ndani nilikuulizia kwa Mungu mara nyingi. Nilimwuliza umeweka nini. Sikumwuliza ni nani aliyekufanya ufiche."

"Mama, si—"

"Ngoja nimalize. Wewe ulikuwa unamwokoa mtoto kwa mikono miwili, na mimi ndiye niliyekufunga mmoja." Alinyoosha mkono wake wa kahawia, akaushika wa mkwe, na hakuuachia. "Chupa hiyo ivue soksi, ikae mezani. Utampa mbele yangu kila asubuhi, nami nitamshika kichwa. Gome langu halitaingia kinywani mwake mpaka daktari asikie na akubali. Na hawa askari wawili wawe mashahidi: sitakuchagulisha tena, mwanangu. Maisha yangu yote, sitakuchagulisha tena."